Kuzoea matatizo ndiyo kuwa na afya ya akili? Watu wa Goma tuongee

#1 Mwana_Mabanga
Jambo wakubwa, jambo wadogo. Naleta hoja, anipinge anayeweza.

Kila mgeni akikaa Goma wiki moja anatusifu kwamba tuna nguvu. Volkano ya 2002 ilipita katikati ya mji, na lava haijapoa vizuri watu walishaanza kupanga vibanda juu yake. Mei 2021 ikashuka tena mpaka Buhene. Vita ya 2012 ikapita, ya 2025 ikaja. Kesho yake muuza mandazi yuko barabarani, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zinashuka na mizigo toka Kibumba, kwaya inarudia nyimbo za Jumapili. Wageni wanapiga picha na kuandika kwamba hatuvunjiki.

Mimi nasema sifa hiyo inatudhuru. Namjua baba mmoja anafungua duka kila asubuhi, analipa madeni, anasalimia kila mtu. Usiku hapati usingizi. Upepo ukibamiza mlango anajitupa chini, na watoto wake wanamwogopa. Mtaani wote tunasema yule ni mzima, amezoea.

Swali: mtu mwenye afya nzuri ya akili ana nini hasa? Na mji wenye afya ya akili tutautambua kwa nini? Tafadhali msiniambie ni yule asiye na wazimu. Jibu hilo halinitoshi.

#2 Muganga_Ndosho
Asante kwa uzi. Mimi ni muuguzi, na nimepata mafunzo kidogo ya afya ya akili. Katiba ya OMS, Shirika la Afya Duniani, ya 1948 inasema afya ya akili ni hali ya mtu kuweza kukabili mikazo ya maisha, kutumia vipawa vyake, kujifunza na kufanya kazi vizuri, na kuchangia katika jamii yake. Kwa kipimo hicho baba wa duka anafaulu nusu. Kazi anafanya, mtaa anausaidia, anaangukia kwenye usingizi na nyumbani kwake. Ndiyo sababu mtu akija kwangu naanza na vitu vidogo: unalala vipi, unakula vipi, ulichokuwa unakipenda bado unakipenda, na mkeo anasemaje.

#3 Mama_Riziki
Bandugu, muganga anaongea muzuri, lakini kuna kitu munaacha. Amani ya roho haitoke ku karatasi ya OMS. Bwana yangu alienda kutafuta kazi Walikale, akarudia mikono mitupu. Kama haikuwa kundi letu ya maombi ya asubui, mimi ningeisha kuanguka. Mutu mwenye akili nzima ni ule anaweza kulala na anaweza kusamehe. Njo ile tu.

#4 Kijana_Katindo
Mnazunguka sana. Pesa! Tangu benki zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, nani hapa Goma ana akili iliyotulia? Nipeni mshahara wa kila mwezi, kodi ya nyumba iwe imelipwa, halafu mje mpime usingizi wangu.

#5 Mzee_wa_Kumbukumbu
Muganga (#2), maneno ni ya OMS kweli, ila hayamo kwenye katiba. Katiba ilitiwa saini New York 22 Julai 1946 na kuanza kutumika 7 Aprili 1948. Inasema afya ni ukamilifu wa ustawi wa mwili, wa akili na wa maisha na watu, wala si kukosa ugonjwa tu. Hayo ya kukabili mikazo yamekuja nyuma. Utayakuta kwenye ripoti yao kubwa ya 2022 kuhusu afya ya akili duniani.

Tofauti hiyo ina uzito kwa hoja ya kijana. Katiba inadai ukamilifu, na kwa ukamilifu huo hakuna mtu mzima Goma, wala Geneva. Ya 2022 inadai uwezo wa kuendelea, na hapo ndipo hofu ya #1 inapoingia, maana mtu anaweza kuendelea miaka mingi huku anaisha ndani.

Na ile volkano ilikuwa 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi. Nilikuwepo.

#6 Lushois_Katuba
Salamu toka Lubumbashi, na poleni. Ninyi mnaongea kama vita ndiyo chanzo cha kila kitu. Sisi huku vita yenu hatukuiona mlangoni, na akili za watu zimeumia vilevile.

Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, ilianza kuondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Kumbukeni kwamba kwa baba wa Katuba au Kenya, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, kampuni haikuwa mshahara tu. Ilikuwa shule ya watoto, hospitali, gunia la unga, na heshima ya kupita barabarani na kofia ya kazi. Wakapewa pesa kwa mkupuo mmoja, zikaisha. Mama akaanza kuuza makaa na mboga, akawa ndiye anayelisha nyumba. Baba akabaki ameketi mlangoni.

Kijana_Katindo atasema ni pesa. Nawajua waliopata pesa tena, kwenye magari, kwenye madini, na hawakurudi kuwa watu waliokuwa. Walichopoteza ni nafasi yao kati ya watu. Kwangu mimi afya ya akili ni kujua kuna mahali ukikosekana pengo lako linaonekana.

#7 Kijana_Katindo
Papa wa Katuba, hao waliopata pesa tena, usiku walilala au hawakulala? Waulizeni wake zao kabla ya kunihukumu.

#8 Dada_Kadutu
Bukavu tupo. Nashangaa uzi umefika hapa hakuna aliyetaja Panzi. Hospitali ile ilianza 1999, na Daktari Mukwege, aliyeianzisha, akapewa Nobel ya Amani 2018. Mwanamke aliyebakwa akifika pale wanamtibu mwili, wanamsaidia moyo, wanamtafutia wakili akitaka kushtaki, na wanamshika mkono apate cha kujitegemea.

Nataka mshike hapo kwenye wakili. Mmetaja Mungu, pesa, kazi. Haki hakuna aliyeitaja. Mama Riziki, nakuheshimu sana, lakini mwanamke anayekutana sokoni na mtu aliyemtesa, mtu yule anatembea huru na anachagua nyanya, utamwambia asamehe alale? Akikosa usingizi, mgonjwa ni yeye au ni soko zima linalonyamaza?

Jambo lingine, kwa wanaodhani tiba ya maneno ni ya wazungu. Mwaka 2013 jarida kubwa la udaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa utafiti uliofanywa katika vijiji vyetu vya Kivu, na wanawake waliofanyiwa ukatili. Wengine walipewa msaada wa mmoja mmoja, wengine walikaa kwenye vikundi vya tiba, wakiongozwa na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wa hapa hapa, wale tunaowaita APS. Hakukuwa na daktari wa akili mbele yao kila siku. Miezi sita baada ya tiba kuisha, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100 kwenye vikundi, na 42 kwa 100 kwa wale wengine.

#9 Mama_Riziki
Dada, kusamehe haiko kusema mubaya hakufanya mubaya. Tribinali ipite njia yake. Mimi naongea juu ya roho ya ule mama, isibakie mateka ya ule mwanaume miaka yote.

#10 Motari_Majengo
Dada wa Kadutu, mtu wa Bukavu hawezi kuingia kwenye uzi bila kutusifia Bukavu, lakini leo nakusamehe, umeongea vizuri. Sambaza zetu, hao samaki wadogo wa ziwa, bado ni tamu kuliko zenu.

Mimi usiku nabeba watu kwa pikipiki. Mteja anapanda Signers, hasemi kitu, tukifika Mapendo nasikia analia mgongoni kwangu. Watu wazima, wenye mikoba ya kazi. Wanalia kwa motari kwa sababu motari hawamjui. Akishuka anajifuta, analipa, anaingia kwake akicheka na watoto. Huyo #1 anamwandika wapi?

#11 Dada_Kadutu
Ziwa ni moja kaka, sambaza hazina pasi.

#12 Muganga_Ndosho
Motari, wengi wako hivyo. OMS ilikadiria 2019 kwamba mahali penye vita mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la akili. Yaani Goma kila nyumba ya watu watano ina mmoja.

#13 Mzee_wa_Kumbukumbu
Polepole na hesabu, Muganga. Makadirio yale, 22.1 kwa 100, yalikusanywa toka nchi nyingi zenye vita; hayakupima nyumba za Ndosho. Na ndani yake wengi, 13 kwa 100, walikuwa na hali nyepesi. Hali kali ilikuwa kama 5 kwa 100. Ukiwaweka wote kapu moja, mama mwenye huzuni atapelekwa kwenye vidonge, na anayesikia sauti atapelekwa kwenye mazungumzo ya kikundi.

#14 Mwana_Mabanga
Hapo Mzee umenisaidia. Mmoja kati ya watano ana tatizo, sawa. Mimi nauliza juu ya wale wanne waliobaki! Hawana jina la ugonjwa, hakuna mradi unaowahesabu. Motari anawabeba usiku. Tunawaita wazima kwa sababu hawaanguki. Kama afya ni kitu chenyewe, na haiishii kwenye kukosa ugonjwa, basi hata hao wanne tuna la kuulizia juu yao.

#15 Yaya_Mugunga
Nimesoma yote, nikasema niandike.

Kwetu mtu akifa tunakaa kilio. Majirani wanaleta makaa, maji, unga. Wanaume wanalala nje kwenye moto, wanawake wanaimba, mnaongea habari za marehemu, mazuri yake na hata deni zake. Siku ya kuondoa kilio familia inakaa, inagawa mambo, mjane anajua ataishi na nani. Baada ya hapo unaruhusiwa kurudi sokoni, na watu wanajua umetoka wapi.

Januari 2025 kaka yangu alitoka nyumbani hakurudi. Mapema Februari miili mingi ilizikwa kwa haraka, hapakuwa na namna nyingine, na sisi hatukumwona kati ya wale tulioweza kuwaangalia. Hatukukaa kilio. Mama alikataa: ukikaa kilio umeshamzika mwanao, na kama yuko hai mahali? Mpaka leo sahani yake inawekwa. Mke wake hajui kama ni mjane. Wakwe hawajui wamchukue au wamwache. Mama halii, anafagia uwanja siku nzima.

Mtu wa mradi alikuja na karatasi ya maswali, akamwuliza kama ana huzuni. Akajibu hapana. Akaandika hapana.

Mnaongea pesa, haki, maombi. Sisi tunahitaji mtu atuambie kama tunaruhusiwa kulia.

#16 Motari_Majengo
Pole sana Yaya. Pole kwa Mama.

#17 Mama_Riziki
Yaya, pole. Kwetu ku kanisa tulifanya ibada ya kukumbuka ya bale bote habajaonekana. Hatukusema "marehemu". Tulitaja majina tu, kila familia ikasimama. Bamama balilia sana siku ile, na hakuna mwenye alizikwa. Ongea na mama yako polepole, kama anakubali mutafute wachungaji wenu.

#18 Mwalimu_Himbi
Darasani naona matokeo ya vilio ambavyo havikukaliwa. Mtoto anasinzia saa tatu asubuhi kwa sababu nyumbani hakuna anayelala. Mwingine alikuwa wa kwanza, sasa anaangalia ukuta. Kuna wanaocheza vita kwenye uwanja, mchezo mmoja kila siku, na mwisho wake ni uleule. Nilipokuwa mgeni kazini nilikuwa nawaadhibu. Sasa nawaacha wachore, halafu tunaongea juu ya mchoro. Kwa watoto kipimo changu ni kucheza: mtoto anayeweza kuanzisha mchezo mpya, ambao haukuwepo jana, huyo sina wasiwasi naye sana.

Ila darasa lina watoto wengi mno, na mwalimu naye ana nyumba yake. Mji unaotaka watoto wenye akili timamu uanze kwa kumlipa mwalimu kwa wakati.

#19 Kijana_Katindo
Mwalimu umerudi kwenye hoja yangu. PESA.

#20 Mkubwa_Bagira
Naomba nikate hapa kidogo. Mnaongea vizuri juu ya huzuni, kazi na kilio, lakini kuna ugonjwa wa akili ambao ni ugonjwa. Mdogo wangu alikuwa chuoni, nyumba ina chakula, hakuna aliyekufa. Akaanza kusikia watu wanamwita usiku, akaacha kuoga, akasema chakula kina sumu. Familia ikasema amelogwa. Akapelekwa chumba kimoja cha maombi, akafungwa kamba mikono, akanyimwa chakula ili pepo litoke. Alama za kamba bado anazo.

Mwishowe mjomba mmoja alipaza sauti, tukampeleka kwenye kituo cha afya ya akili. Akapewa dawa. Sauti hazikuisha siku moja, lakini zilipungua, akaanza kula. Leo anarekebisha simu Bagira na wateja anao. Akiacha dawa zinarudi. Mguu uliovunjika hauungwi kwa kusimuliwa habari za vita wala kwa kuongezewa mshahara, na ubongo nao una mavunjiko ya namna yake. Msije mkamwambia mwenye hali kama ya mdogo wangu kwamba anakosa nafasi kati ya watu tu.

Vituo vipo. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna Joseph Guislain, vyote vya Mabruda wa Upendo, watawa wa Kikatoliki. Ni vichache kwa watu tulivyo wengi, na safari ni ghali, lakini vipo. Na watu wa kifafa msikae nao nyumbani mkisubiri mchawi apatikane. Kifafa kina dawa na wengi wanatulia nazo.

#21 Mama_Riziki
Mukubwa, ile chumba ilifanya mubaya, na mimi naisema wazi. Kufunga mutu kamba haiko maombi. Lakini usiweke sisi bote mule. Kundi letu, mutu akianza kusikia sauti, tunamusindikiza ku muganga na tunachanga feza ya pikipiki. Kuomba tunaomba njiani.

#22 Muganga_Ndosho
Mama Riziki, mkiwa wengi kama nyinyi kazi yangu itapungua nusu. Nyongeza moja kwa wasomaji: dawa za namna hiyo zisikatwe ghafla mtu akiona amepona. Rudi kwanza kwa aliyekuandikia.

#23 Msimamizi
Nimefuta majibu yaliyoanza kutafuta nani mwenye kosa la vita. Uzi huu watu wanauandikia ndani ya mji wenyewe, wengine kwa majina yanayotambulika mtaani. Tuwalinde.

#24 Mwanafunzi_UNIGOM
Wazee wangu, ruhusuni mdogo. Swali la mji wenye afya limesahaulika, na Afrika imeshalijaribu. Mwaka 1954 daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianzisha mpango Aro, Abeokuta. Wagonjwa hawakufungiwa wote hospitalini. Walipangishiwa vyumba kwenye vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia, wakafuata tiba mchana na kulima na wenyeji. Waganga wa kienyeji nao walishirikishwa. Baadaye Lambo alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa OMS.

Zimbabwe nako, 2006, daktari Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, na akina bibi 14. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Wanakaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Mwaka 2016 utafiti wao ulitoka kwenye jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ukaonyesha waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwa nini Goma tusiwe na mabenchi?

#25 Yaya_Mugunga
Mdogo wangu, asante, ila angalia. Bibi wa Goma amekimbia vita mara ngapi? Ana wajukuu sita ambao wazazi wao hawapo. Ukimweka kwenye benchi asikilize maumivu ya wengine asubuhi hadi jioni, yeye atasikilizwa na nani? Na Aro kila mgonjwa alikuja na ndugu. Hapa ndugu ndio tuliowapoteza.

#26 Mwanafunzi_UNIGOM
Yaya, swali lako ni zito. Hata hivyo hao bibi wanasikiliza tayari, bure na bila mafunzo. Bora wafundishwe na walipwe kitu.

#27 Motari_Majengo
Mabenchi tunayo, hatuyaiti hivyo. Sisi motari tuna likelemba, mchango wa kupokezana pesa, na akina mama wana AVEC zao, vikundi vya kuweka na kukopa. Mwenzetu akikosa kuja kuweka pesa mara mbili mfululizo, tunaenda kwake. Siku moja tulimkuta amejifungia, amepanga kujidhuru. Tulichokuwa tunafuata ni mchango wake! Tukakaa naye mpaka usiku, kesho yake tukampeleka kwa muganga. Kwa hiyo Kijana_Katindo, pesa ilimwokoa, lakini ni pesa ya kukutana.

#28 Kijana_Katindo
Hiyo naikubali kaka. Ila aliyepanga kujidhuru alikuwa na deni au hakuwa nalo?

#29 Motari_Majengo
Alikuwa nalo. Na alikuwa ameachwa. Na alikuwa hajalala tangu vita. Chagua mwenyewe.

#30 Lushois_Katuba
Mnaona? Walimfuata kwa sababu pengo lake lilionekana. Nilisema #6.

#31 Mwana_Mabanga
Nawashukuru, hata walionipinga. Kwa upande wa mji, nitaanza kuuangalia hivi: mtu akisema hadharani kwamba ameshindwa, nini kinampata? Akichekwa, akifukuzwa kazi, akiitwa mchawi, basi huo mji haujapona hata kama soko limefunguliwa na barabara zimejaa. Akipata wa kumsindikiza, kuna kitu kizima hapo.

#32 Dada_Kadutu
Hapana kaka, hilo nalikataa. Umempa aliyeumia kazi ya kusema ndipo mji upimwe. Waliomwumiza umewaacha tena wamekaa kimya. Mimi nitaupima mji kwa namna inavyowaendea hao.

#33 Yaya_Mugunga
Mama Riziki, ile ibada ya kutaja majina mliifanyia kanisa gani, na mtu wa dini nyingine anaruhusiwa? Nijibu kwenye ujumbe wa siri tafadhali. Nataka nimwulize Mama Jumamosi.

#34 Mama_Riziki
Nimekuandikia. Bote banaruhusiwa.